Siku Nilipopanga Ulinzi kwa Kiswahili

Mimi ndiye mtu wa kwanza wa mtaa wetu hapa Singida kulipwa mshahara kwa kufundisha mpira wa Kimarekani. Huenda ni wa kwanza mkoa mzima; hajatokea mtu wa kunipinga. Nalisema mapema kwa sababu tangu nirudi, watu wa nyumbani hunisikiliza nusu, kisha wanaamua wenyewe kwamba Dubai nilikuwa mlinzi. Sikuwa mlinzi. Walinzi walikuwa wachezaji wangu.

Nilifika kule nikiwa na miaka ishirini na nne na diploma ya elimu ya michezo niliyoisotea mwenyewe. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Kila likizo niliuza maji ya chupa stendi, na ada ililipwa kwa maji hayo. Kazi niliyopata Dubai ilikuwa kwenye hoteli moja ya Al Garhoud, karibu na uwanja wa ndege: kugawa taulo kwenye bwawa la kuogelea na kurudisha vyuma mahali pake kwenye chumba cha mazoezi. Wenzangu wa chumbani waliniuliza diploma ya nini kwa kazi ya taulo. Niliwajibu kwamba mimi na taulo tunapita tu.

Nilikuwa sahihi. Mwaka wa pili timu moja ya mpira wa Kimarekani ilianza kukodi kile chumba cha mazoezi. Wachezaji walikuwa watu wenye kazi zao, wahandisi, walimu, wauza magari, waliocheza kwa mapenzi tu. Waliolipwa ni makocha. Kocha mkuu alikuwa Mmarekani mnene wa miaka sitini hivi, mwenye sauti kama injini ya dizeli inayogoma kuwaka. Siku ya tatu nilimwona mchezaji wake mmoja akinyoosha paja vibaya, nikashindwa kuvumilia. Niliweka taulo chini nikamwonyesha. Kocha akaniuliza nilijifunza wapi. Nilimtajia chuo, nikamtajia somo, nikamtajia na alama nilizopata. Akaniambia nije uwanjani Jumamosi, nisaidie bila malipo, tuone.

Kwa asiyeujua mchezo huu, si mgumu kama unavyoonekana. Mpira una umbo la yai. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Ikiweza, inapewa mengine manne, na kuendelea hivyo mpaka ivuke mstari wa mwisho na kupata pointi. Kabla ya kila jaribio pande zote mbili husimama na kujipanga, halafu zinavamiana. Upande unaolinda hubashiri: hawa watakimbia na mpira, au wataurusha? Ukibashiri vizuri unawazima. Ukikosea unabaki kuwatazama migongo. Kocha wa ulinzi ndiye mbashiri, na mimi Mungu alinipa jicho hilo. Kwa wiki tatu nilitazama mechi kwenye simu kila nilipopanda basi la wafanyakazi, nikajaza daftari zima. Wiki ya nne nilikuwa nikimsahihisha kocha, kwa adabu.

Timu ilikuwa na watu wa mbio lakini haikuwa na watu wa mwili. Mimi nilijua walipo. Mtaa wa Rashidiya kulikuwa na nyumba moja walimoishi walinzi Wakenya, Watanzania na Waganda, watu wa kusimama saa kumi na mbili bila kuegemea ukuta. Nilikwenda pale nikiwa na mpira mmoja na maneno mengi, nikatoka na wanaume saba. Mkubwa wao alikuwa Mkenya wa Kericho aliyekaribia arobaini, msimamizi wa walinzi wa maegesho kwenye duka kubwa. Mimi nilimwita mzee, yeye aliniita kocha, ingawa angeweza kuninyanyua kwa mkono mmoja. Tulifanya mazoezi alfajiri kwenye kiwanja kilicho nyuma ya maghala ya Ras Al Khor, wakati karakana za jirani zikianza kugonga mabati ya magari. Wengine walikuja moja kwa moja kutoka lindoni, wakavua sare, wakavaa mabega ya plastiki. Hakuna aliyelalamika. Waliniambia kwamba kwa wiki nzima wanakatazwa kumgusa mtu, na hapa wanaruhusiwa.

Tatizo lilikuwa amri. Kocha mkuu aliwapa vijana wangu namba: ishirini na mbili, thelathini na nne, kila moja na maana yake. Namba zilichanganyika vichwani mwao. Tukajaribu Kiingereza cha wazi, na wapinzani wakasikia kila kitu. Hapo ndipo nilipotoa wazo ambalo nililiona, na bado naliona, kuwa la mtu aliyesoma. Nilimwambia kocha kwamba ulinzi utapangwa kwa Kiswahili. "Ukuta" maana yake wote wabane katikati, jamaa wanakuja kukimbia. "Tawanyika" maana yake warudi nyuma, mpira unarushwa. "Kulia" na "kushoto" zilikuwa za kumvamia mrushaji kutoka upande huo. Maneno manne tu. Mganda, Mkenya, Mtanzania, wote wangeelewa bila kufikiri.

Ilifanya kazi mno. Mechi tatu mfululizo wapinzani walikuwa kama watu waliofungwa macho. Mrushaji wao akisikia "tawanyika" hajui kama nimewaita vijana wangu chakulani. Kocha mkuu alianza kunipigia simu mpaka siku zangu za mapumziko.

Sasa nieleze kilichokuwa mezani. Hoteli ilikuwa inafunga bwawa kwa ukarabati, na mkataba wangu ulibakiza miezi miwili bila dalili ya kuongezwa. Wakati huohuo mwenye timu, tajiri ambaye walinzi walimwita arbab, yaani bosi, alikubali kumwajiri kocha msaidizi mmoja, kwa mshahara na viza. Kocha mkuu alinieleza waziwazi: mechi ya mwisho wa msimu, dhidi ya timu inayoongoza, ndiyo mtihani wangu. Nikimwonyesha ulinzi unaosimama, atapeleka jina langu. Nisipomwonyesha, atamleta kocha kutoka kwao. Kwangu hilo lilimaanisha ndege ya kurudi. Na mimi nilikwishatuma nyumbani picha yangu nikiwa na filimbi shingoni. Mama alikuwa amewatangazia wanakwaya wote kwamba mwanawe ni kocha Uarabuni.

Siku moja kabla ya mechi kocha aliniuliza kama nina uhakika upande wa pili hakuna anayejua lugha yetu. Alisema timu ile ina vijana kadhaa wenyeji wa hapo. Nilimwambia wenyeji wanasema Kiarabu. Akauliza tena. Nikamwambia, "Kocha, lala usingizi. Kiswahili ndicho kufuli yetu, na funguo ninazo mimi."

Mechi ilichezwa alasiri, jua likiwa limepungua makali. Jaribio la kwanza la wapinzani nikabashiri watakimbia. Nikapaza sauti: "Ukuta!" Vijana wakabana katikati. Mrushaji wao akasita kidogo, akageuka, akaurusha mpira mrefu juu ya vichwa vyetu. Yadi thelathini. Bahati mbaya, nikajisemea. Jaribio lililofuata nikaita "tawanyika", na wakapita katikati kama wanaingia sebuleni kwao. Nikaita "kulia", mrushaji akakimbilia kushoto kabla vijana wangu hawajanyanyua miguu. Walivuka mstari wa mwisho mara mbili katika robo ya kwanza. Nilibadilisha, nikatanguliza, nikachelewesha. Haikusaidia kitu. Nilianza kudhani jicho langu limekufa.

Nilichokiona wakati huo, bila kukielewa, ni kwamba kila nilipoita, jitu lao la katikati, yule anayeinama na kuutoa mpira kati ya miguu yake kumpa mrushaji, lilinong'ona kitu kupitia bega. Alikuwa kijana mwenyeji, mpana kama mlango wa ghala, ndevu zimechongwa vizuri chini ya kofia ngumu.

Katikati ya robo ya pili jitu hilo lilimgonga Msukuma wangu mmoja, akaanguka chali mbele ya benchi letu. Filimbi ikalia. Yule kijana akainama, akamshika mkono, akamnyanyua, akamwambia kwa sauti laini kabisa, "Pole sana, ndugu yangu. Hukuumia?"

"Asante, nishapoa," akajibu Msukuma, akampigapiga begani, akaanza kurudi mahali pake. Alikwenda hatua tatu nzima. Kisha akasimama, akageuka kunitazama, mdomo wazi.

Nami nilimtazama hivyohivyo. Lakini mimi ni mtu wa kupima kabla ya kuamini. Walipojipanga tena, jitu likiwa limeinama juu ya mpira, nilipaza sauti kwa utulivu: "Wewe mnene uliyeshika mpira, kamba ya kiatu chako imefunguka."

Akatazama kiatu chake. Refa akapiga filimbi, maana kwenye mchezo huu anayeushika mpira haruhusiwi kutikisika kabla ya kuutoa, na timu yao ikarudishwa yadi tano. Kijana akainua uso, akaniona, akacheka mpaka kinga ya meno ikamdondoka.

Zile ndizo yadi pekee tulizopata kipindi kile. Na aibu iliyonishika si ya kukosa kujua. Nilijua. Pale Rashidiya, nyumba ya tatu kutoka kwa walinzi wangu, kuna familia ya Kizanzibari iliyohamia zamani, na kwa mwaka mzima Ijumaa nilikuwa nakunywa chai kwao, nikisikiliza wajukuu waliozaliwa Dubai wakigombana kwa Kiunguja safi kuliko changu. Mji ule umejaa familia za namna hiyo. Mtoto anavaa kanzu nyeupe kama wenzake, anasoma kwa Kiarabu na Kiingereza, na jikoni bibi anamfokea kwa lugha yetu. Nilikuwa nimekunywa chai yao na bado nikaamini kwamba Kiswahili ni mali yangu peke yangu.

Tulikwenda mapumziko tukiwa nyuma, ishirini kwa sifuri. Kocha mkuu alinijia akiwa amenyoosha mkono, na nilielewa anataka nini: karatasi ya ulinzi. Kipindi cha pili angepanga mwenyewe. Halafu akasema jambo ambalo hakujua ni mtego. Aliniuliza kama vijana wangu wamechoka, maana alisikia wawili wametoka lindoni asubuhi ileile.

Ni kweli walitoka lindoni. Ningejibu ndiyo, neno moja, ningesalimika. Kocha angeelewa, angenionea huruma, pengine nafasi ingekuwa yangu. Na msimu ujao asingewachukua tena walinzi. Nilimtazama yule mzee wa Kericho akimwagia maji Msukuma kichwani, akimtania kwamba amepewa pole na adui na akaitikia. Karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Naandika haya polepole kwa sababu sikumbuki siku nyingine ambayo mdomo wangu ulikuwa mzito.

"Hawajachoka," nikamwambia. "Walifanya kila nilichowaita. Yule wa katikati anajua Kiswahili. Uliniuliza mara mbili, na mimi nikakujibu kwa majivuno."

Kocha akauliza nina mpango gani. Sikuwa nao, lakini nilimwomba robo moja tu. Nikishindwa, achukue karatasi na nafasi pamoja. Akatazama saa yake, akasema, "Robo moja."

Nilikimbia kwa vijana nikawaambia tunahitaji lugha nyingine, haraka. Hilo lilikuwa kosa la pili. Mkenya mmoja akasema Kikalenjin, maana wao ni watatu. Msukuma akasema Kisukuma ni rahisi, hata mtoto anakijua. Mganda akauliza kwa nini asiulizwe yeye, Kiganda kina heshima zake. Dakika tano za mapumziko zikaenda kwa kugombea kabila, watu wazima waliovaa mabega ya plastiki.

"Khalas, imetosha," akasema mzee wa Kericho. "Kocha, hebu nikuulize. Sisi kazini tunaongea?"

Nikamwambia sijui, mimi ni mtu wa hoteli.

"Hatuongei. Mwenye gari amefunga vioo, ameweka muziki, hasikii. Tunamwonyesha mkono." Akasimama wima, akanyoosha mkono mmoja pembeni na kuuvuta wa pili kifuani. Wote saba, bila kuambiwa, wakageuza vichwa upande uleule. Kampuni zao zilikuwa nne tofauti, lakini kila mmoja alikuwa ameongoza magari, na ishara zilikuwa zilezile: njoo kulia, njoo kushoto, rudi nyuma, bana hapo hapo, nafasi ni ndogo.

Asiyezijua alikuwa mmoja tu, mwenye diploma. Mzee akanishika viwiko kutoka nyuma, akanipanga mikono kama anamvisha mtoto shati. Rudi nyuma, viganja mbele, ndiyo kutawanyika. Bana, viganja vikitazamana, ndiyo ukuta. Aliniambia nisipepese mikono kama mtu anayefukuza inzi, dereva atanidharau. Nikarudia mara tatu. Refa akatuita. "Yalla," mzee akasema, "twende tukaegeshe magari."

Basi kipindi cha pili watazamaji waliona kitu ambacho hawakukilipia. Kocha msaidizi, suruali imepigwa pasi, amesimama pembeni ya uwanja anaongoza magari yasiyokuwepo. Walinicheka, na benchi la wapinzani likacheka zaidi. Nami niliendelea kupaza sauti kwa Kiswahili, ila sasa niliita chochote kilichonijia: "Ugali!" "Kesho kutwa!" "Mwambie shangazi!" Jitu la katikati lilinong'ona na kunong'ona, na mrushaji wake akawa anageuka kumtazama kwa hasira. Mikono yangu ilisema bana, vijana wakabana. Ikasema kulia, na Msukuma akamfikia mrushaji kabla hajainua mkono, akamlaza. Nadhani alimwambia pole. Sikusikia.

Hawakupata pointi nyingine. Robo yangu ilipokwisha nilimtazama kocha mkuu, naye akatazama kwingine, kwa hiyo nikaendelea. Washambuliaji wetu walipata nguvu, wakavuka mstari mara mbili. Tungepata dakika kumi zaidi tungewamaliza, na hilo nitalisema mbele ya mtu yeyote. Lakini mchezo ulikwisha ishirini kwa kumi na nne, na waliofungwa ni sisi.

Kijana wa katikati alinifuata baada ya kupeana mikono. Alikuwa amevua kofia, anatokwa jasho, anatabasamu. "Kaka, ule 'mwambie shangazi' umenitesa," akasema kwa Kiunguja chake. "Nilimwambia mrushaji ni mtego mkubwa sana, ajihadhari." Alinieleza kwamba bibi yake ni mzaliwa wa Unguja, na kwamba nyumbani kwao Kiarabu ni cha wageni. Akanipa ushauri: nikitaka kusema siri Dubai, niseme na moyo wangu, na hapo pia nipunguze sauti. Tulicheka, tukapeana namba za simu.

Nilikuwa nakusanya mabega ya plastiki kwenye mfuko pale kocha mkuu alipokuja kusimama karibu yangu. Sikuinua kichwa. Nilikwishaanza kupanga maneno ya kumwambia mama, na maneno ya mama kuwaambia wanakwaya.

"Jumanne saa tatu asubuhi," akasema. "Ofisini kwa mwenye timu. Njoo na pasipoti yako."

Nilimwambia tumefungwa.

"Najua kuhesabu," akasema. "Nilikuuliza kama wamechoka, ukaniambia kosa ni lako. Na saba wale waje msimu ujao, waambie." Akaenda zake, akinung'unika juu ya ugali, akimuuliza mtu ni kitu gani.

Niliwapa vijana habari ndani ya basi tukirudi Rashidiya. Nilitegemea kelele. Walitazamana, kisha wakaanza kupiga viti kwa viganja mpaka dereva akatishia kutushusha. Mganda alidai Kiganda kingeleta ushindi. Nilipotulia nikawaeleza mipango yangu ya msimu ujao, jinsi nitakavyoongeza ishara mpya, nitakavyoziandika kitaalamu, nitakavyozifundisha. Nilizungumza tangu tulipovuka daraja la kwanza mpaka karibu na nyumbani kwao, na sikukosea hata sentensi moja.

Mzee wa Kericho alinisikiliza mpaka mwisho. "Kocha," akasema, "ile ya kurudi nyuma uliyotupa leo ilikuwa ya gari dogo. Lori huwezi kuliambia hivyo, litabomoa ukuta. Jumatatu niko zamu ya asubuhi. Pitia maegeshoni."

Nikamwambia mimi sasa ni kocha wa kuajiriwa, mwenye viza.

"Ndiyo sababu," akasema.

Jumatatu saa moja asubuhi nilikuwa pale, nimesimama nyuma ya lori la mizigo la mboga, na daftari jipya mkononi.